Kabla ya Kuongeza Baraza ya Mbao Nyumbani, Kagua Ile Iliyopo

Desemba ikikaribia, nyumba nyingi katika kaunti yetu hujaa. Watoto hurudi kutoka shule za bweni, jamaa hushuka kutoka bara, na pale palipowatosha watu sita jioni sasa panahitajika kutosha ishirini. Mwenye nyumba humwita fundi, humwonyesha baraza ya mbao iliyo nyuma ya nyumba na kumwambia, "Niongezee hapa mita mbili." Fundi hupima kwa hatua, hutaja bei, na kesho yake msumeno unasikika.

Makala haya yanahusu hizo mita mbili.

Tunaposema baraza ya mbao tunamaanisha sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi kwa nguzo, iwe wazi au imeezekwa. Mafundi wengi huiita deki. Zimeenea kuanzia Mtwapa hadi Malindi, hasa kwenye ploti zenye mteremko kuelekea baharini na kwenye nyumba za kukodisha wageni. Nyingi zilijengwa ndogo kwanza kwa sababu ya bei ya mbao, mwenyewe akiwa na nia ya kuongeza akipata nafasi. Kuongeza si kosa. Kosa ni kuifanya sehemu mpya kuwa mkia unaofungwa tu kwenye ile ya zamani, bila kuuliza kama ile ya zamani inaweza kuubeba.

Uzito unakwenda wapi

Chukua baraza ya kawaida. Ina upana wa mita 4 kando ya nyumba, na inatoka nje mita 3. Boriti zake zimeshikwa upande mmoja na ubao uliofungwa ukutani. Upande wa pili zimelala juu ya mhimili mmoja unaobebwa na nguzo tatu. Watu wakienea juu ya sakafu hiyo, nusu ya uzito wao huenda ukutani na nusu huenda kwenye mhimili. Yaani mhimili hubeba sakafu ya mita 1.5, nusu ya zile 3.

Sasa fundi anafunga boriti mpya za mita 2 kwenye mhimili huohuo, na mwisho wa boriti hizo anasimamisha nguzo mpya. Kwa macho, kazi inaonekana salama: kuna nguzo mpya, kuna mbao mpya. Lakini boriti mpya nazo hugawa uzito wao. Nusu huenda kwenye nguzo mpya, na nusu, yaani mita 1, hurudi kwenye mhimili wa zamani. Mhimili uliokuwa ukibeba mita 1.5 sasa unabeba mita 2.5. Mzigo wake umeongezeka kwa theluthi mbili, na hakuna aliyeugusa, wala kugusa nguzo zake, wala kuchungulia msingi wake.

Na hapo bado hatujahesabu watu. Baraza ilikuwa ya mita za mraba 12. Sasa ni 20. Nafasi ikiwepo watu huijaza. Watu wazima 25, kila mmoja kilo 70, ni kilo 1,750, bila meza, viti, sufuria za pilau na kreti za soda. Tena watu hawajigawi sawasawa. Mpiga picha akiita, wote husogea upande mmoja. Muziki ukikolea, wote huruka kwa pamoja, na uzito unaoruka huumiza mbao kuliko uzito uliotulia.

Kuna namna mbaya zaidi, ambayo huchaguliwa ili kuokoa pesa: kuongeza bila nguzo yoyote mpya. Fundi hugongea vipande kwenye ncha za boriti za zamani na kuacha sakafu ining'inie hewani kama rafu. Boriti inaweza kupita mhimili wake kidogo bila shida, lakini kipimo ambacho mafundi hutumia ni robo ya urefu wa boriti kati ya egemeo na egemeo. Kwa boriti ya mita 3, hiyo ni sentimita 75 tu, na ni kwa boriti iliyo mti mmoja mzima. Kipande kilichoungwa kwa misumari hakihesabiwi. Kinashikiliwa na misumari peke yake, na msumari kila siku unavutwa kutoka kwenye tundu lake.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2003 katika jiji la Chicago, Marekani, baraza za mbao za jengo la ghorofa ziliporomoka usiku wa sherehe, watu 13 wakafa. Mwaka 2015 huko Berkeley, California, roshani iliyobebwa na boriti za mbao ilikatika na kuua vijana sita. Boriti zilikuwa zimeoza kwa maji yaliyonaswa ndani, mahali ambapo jicho halikufika. Baraza za kwetu nyingi haziko juu kiasi hicho. Ziko mita moja au mbili kutoka ardhini. Lakini chini ya baraza ndipo watoto hucheza wakati wa jua kali, na mzee wa miaka sabini hahitaji kuanguka kutoka ghorofani ili avunjike nyonga.

Nusu saa chini ya baraza

Kabla ya kuzungumza bei na fundi yeyote, vaa nguo za kazi, chukua tochi, bisibisi na nyundo, uingie chini. Usianzie juu. Sakafu ya juu hupigwa msasa na kupakwa rangi kila mwaka. Matatizo hukaa upande usioonekana.

Anza na miguu ya nguzo, pale inapokutana na udongo au zege. Sukuma ncha ya bisibisi kwenye mbao kwa nguvu ya mkono. Mbao nzima hukataa. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, nguzo hiyo imeoza, hata kama rangi yake bado inang'aa. Fanya vivyo hivyo kwenye ncha za boriti na kila mahali mbao mbili zinapogusana, maana maji hukaa hapo muda mrefu baada ya mvua kukatika. Gonga kwa mpini wa nyundo njia nzima: mbao yenye afya hulia kwa sauti kavu, iliyoliwa ndani hulia kama debe tupu.

Tafuta vijia vya udongo vinavyopanda nguzo au ukuta. Hivyo ni vya mchwa. Ukikivunja kimoja na baada ya siku mbili ukakuta kimezibwa, mchwa bado wapo na wanaendelea kula. Tafuta pia ungaunga au chembe ndogo kama mchanga zilizorundikana chini ya boriti moja. Hizo ni dalili za wadudu wanaoishi ndani ya mbao kavu, ambao hawahitaji kugusa ardhi kabisa.

Kisha nenda ukutani. Hapa tunaomba uchukue muda wako, kwa sababu baraza nyingi zinazoanguka huanzia hapa. Ule ubao uliofungwa ukutani hubeba karibu nusu ya kila kitu. Je, umefungwa kwa bolti au kwa misumari? Misumari haitoshi. Inachomoka polepole, na baraza haitoi onyo kubwa kabla ya kuteremka. Je, ukuta wenyewe ni wa nini? Nyumba nyingi kwetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo ni laini na yana vitundu, au kwa matofali ya saruji yenye uwazi ndani. Bolti iliyoingia kwenye uwazi haikushika kitu, imeshika plasta. Mulika tochi nyuma ya ubao. Ukiona alama za maji, ukungu mweusi, au nafasi iliyoanza kufunguka kati ya ubao na ukuta, usiongeze hata sentimita moja kabla ya kurekebisha hapo.

Chuma nacho kikaguliwe. Hewa ya chumvi hula bolti kwa ndani, sehemu iliyo katikati ya mbao, huku kichwa chake kikionekana kizima. Michirizi ya kahawia inayoteremka kwenye mbao ni dalili tosha. Fundi mzuri ataegemeza boriti kwa nguzo ya muda, achomoe bolti moja na kuitazama. Ikiwa imekonda katikati kama mfupa uliotafunwa, zote zibadilishwe.

Ukiridhika na yaliyo chini ndipo upande juu. Watu wawili au watatu wasimame na kuyumba kutoka upande hadi upande. Baraza ikicheza kama mashua gatini, inakosa mbao za mshazari kati ya nguzo na mihimili. Kuongeza sakafu kutazidisha mchezo huo.

Huenda ukaguzi ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya pesa ulizotenga kwa mita mbili mpya inapaswa kwenda kwenye mita tatu za zamani. Wenye nyumba wengi hawapendi kusikia hilo, na mafundi wanalijua, ndiyo maana wengine hunyamaza. Mwulize fundi wako moja kwa moja: je, wewe ungeongeza juu ya hii?

Iache sehemu mpya isimame kwa miguu yake

Kwa nyumba nyingi, ushauri wetu ni mmoja: jenga sehemu mpya kama baraza nyingine iliyo jirani na ya kwanza. Iwe na nguzo zake pande zote mbili, mihimili yake na misingi yake. Kando ya mhimili wa zamani unasimamishwa mhimili wa pili, na kati ya sakafu mbili inaachwa nafasi ya milimita 5 hadi 10. Mgeni anayetembea juu hatajua kwamba amevuka kutoka baraza moja hadi nyingine.

Gharama ya ziada, kwa mfano wetu wa juu, ni nguzo tatu, misingi mitatu na mhimili mmoja wa mita 4. Unachopata ni kwamba mhimili wa zamani haubebi hata kilo moja zaidi ya ilivyokuwa. Msingi mpya ukititia kidogo, jambo ambalo ni la kawaida, hauvuti baraza ya zamani kwenda chini wala kupasua mbao zake. Na baada ya miaka kadhaa sehemu ya zamani ikichoka, utaibomoa na kuijenga upya huku ile mpya ikiendelea kutumika. Mfumo huu unawafaa pia wale ambao ukuta wao hauwezi kushika bolti: nguzo zinabeba kila kitu, na ukuta hauguswi.

Ukisisitiza kuunganisha moja kwa moja, basi mhimili wa zamani lazima uongezwe nguvu, nguzo zifikiriwe upya, na misingi ichimbuliwe ionekane ukubwa wake. Hiyo si kazi ya kukisia. Mwite mhandisi. Mwite pia ikiwa baraza iko juu kuliko kimo cha mtu, au ikiwa unataka kuiezeka. Paa la makuti lililolowa ni zito sana kuliko likiwa kavu, na paa la mabati huinuliwa na upepo wa kusi kama tanga.

Msingi na udongo

Kaunti yetu ina udongo wa kila aina, na fundi aliyezoea Watamu anaweza kukosea akifika Ganze. Karibu na bahari, mara nyingi utakuta jiwe la matumbawe baada ya kuchimba kidogo. Hilo ni zuri, mradi uondoe udongo wote wa juu na uligonge kwa mtaimbo kuhakikisha hakuna pango chini yake. Kwenye mchanga, msingi uwe mpana, maana mchanga hukimbia. Bara, kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, chimba zaidi hadi upite sehemu inayochezacheza. Kwa baraza ya chini ya kawaida, shimo la sentimita 40 kwa 40 lenye kina cha sentimita 60 ni mahali pa kuanzia, na ukifika hapo udongo ukiwa bado laini, endelea.

Nguzo ya mbao isizikwe. Tabia ya kusimamisha nguzo shimoni na kumwagia zege kuizunguka inaonekana imara, lakini zege huwa kikombe kinachoshika maji kwenye mguu wa mbao. Zege lipande juu ya ardhi kama sentimita 15, liwe na mteremko juu yake, na nguzo ikae kwenye kiatu cha chuma kilichozamishwa katika zege hilo. Nafasi hiyo ya sentimita 15 pia inamlazimisha mchwa kujenga kijia chake mahali unapoweza kukiona.

Kabla ya kuchimba, ujue tangi la maji taka na shimo lake viko wapi. Wapo wanaofunika mfuniko wa tangi kwa sakafu mpya nzuri, kisha siku lori la kunyonya maji taka linapofika hakuna pa kuingiza mpira. Usiweke msingi juu ya tangi wala kando yake kabisa. Angalia vilevile mabomba ya maji na nyaya za umeme, zilizo ardhini na zilizo juu.

Mbao gani

Mbao zinazopatikana kwa urahisi madukani ni za msonobari, saipresi na mkaratusi. Zote hutumika, ila msonobari na saipresi visivyotiwa dawa havitadumu nje katika unyevu wetu. Nunua zilizotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, ambazo huwa na rangi ya kijani kwa mbali kutokana na shaba iliyomo. Dawa hiyo haifiki katikati ya mbao kila mara, kwa hiyo kila unapokata, ncha mpya ipakwe dawa tena kabla ya kufungwa. Mvule huvumilia mchwa na maji kwa asili yake, na bei yake inajulikana. Fito za mvinje, ambazo wakulima wetu wengi wanazipanda, ni nzuri kwa kuegemezea zege na kwa kazi ya muda. Kama nguzo za kudumu zilizogusa udongo bila dawa, hazikai.

Kuhusu boriti za mikoko: hazikatwi bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Ukiuziwa, omba risiti, na uulize zilikotoka.

Jambo dogo linalosumbua watu sana ni vipimo. Mbao ya "mbili kwa sita" kutoka kiwanda kimoja haina unene sawa na ya kiwanda kingine, na ile ya baraza yako imenyauka kwa miaka. Kata kipande cha mbao ya zamani uende nacho dukani. Ukishindwa kupata unene uleule, tofauti hiyo irekebishwe kwa kushusha au kuinua boriti mpya. Usiiache kama kizingiti cha kujikwaa kati ya sakafu mbili. Rangi haitalingana mwanzoni hata ufanye nini. Jua na mvua vitaipunguza tofauti hiyo.

Wengi hupaka oili chafu ya magari chini ya baraza wakidhani wanafukuza mchwa. Hatuipendekezi. Mvua huiosha ikaingia ardhini, na kama una kisima karibu, ndiko inakoelekea. Tena inashika moto.

Na sasa jambo ambalo tungependa lisomwe kwa sauti jikoni: vipande vinavyobaki baada ya kukata mbao zilizotiwa dawa si kuni. Aina ya dawa inayotumika sana huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Ukivichoma, moshi wake una sumu, na jivu lake lina sumu zaidi. Visitumike kupikia, kuchoma nyama wala kuota moto, na jivu lake lisitupwe kwenye shamba la mboga au mahali kuku wanapochakura. Vikusanye vyote siku ileile, kabla mtoto au msaidizi wa nyumbani hajaviona kama bahati. Uliza afisi ya mazingira ya kaunti ndogo yako vitupwe wapi. Fundi anayekata afunge pua na mdomo, na anawe mikono kabla ya kula.

Bolti, skrubu, sakafu na ukingo

Shaba iliyo kwenye mbao za dawa huharakisha kutu ya chuma cha kawaida, na chumvi ya bahari humalizia. Tumia bolti na skrubu zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zenye tabaka nene lenye mikwaruzo, wala si zile zinazong'aa kama sarafu mpya. Kwa nyumba zilizo karibu kabisa na ufuo, chuma kisichoshika kutu ni ghali lakini ndicho kinachofaa. Mbao zinazobeba uzito zifungwe kwa bolti zenye washa na nati. Skrubu ni za sakafu. Msumari ubaki wa kushikilia kwa muda.

Mbao za sakafu ziachiwe nafasi ya takriban milimita 5 ili maji yapite. Zikiwa bado mbichi, zibananishe zaidi, kwa sababu zitanyauka na nafasi itajifungua yenyewe. Sakafu isizibe matundu ya hewa ya nyumba wala kupita usawa wa mlango. Mvua ya Mei ikipiga kwa mshazari, maji yataingia sebuleni.

Ukingo ndio unaosahaulika. Ili kuongeza, ukingo wa zamani wa mbele hutolewa, na zile nguzo za pembeni zilizobaki hupoteza nguvu maana zilikuwa zikishikana. Zikaguliwe na kufungwa upya kwa bolti. Baraza yoyote ambayo mtoto akianguka ataumia iwe na ukingo usiopungua mita 1, wenye nafasi ndogo kuliko sentimita 10 kati ya fito na fito, ili kichwa cha mtoto mdogo kisipite. Usitumie fito za kulala. Mtoto huzifanya ngazi. Ngazi za kushukia zihamishwe hadi ukingo mpya na ziwekewe msingi wake; ngazi iliyolazwa tu kwenye udongo hutitia mvua ya kwanza.

Kazi ikiendelea, funga njia. Baraza iliyofika nusu isitumike hata kwa chai, na wala usipange sherehe Jumamosi ambayo fundi ameahidi kumaliza Ijumaa. Jiko la makaa lisiwekwe juu ya mbao, mpya au za zamani. Litafutiwe sehemu yenye sakafu ya saruji.

Kibali

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ujenzi unahitaji idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kuanza. Anayeanza bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kubadilisha mbao mbovu kwa mbao nzima ya kipimo kilekile ni matengenezo. Kupanua jengo ni jambo jingine, hata kama nyongeza ni ya mbao na unaiona ndogo. Usikisie iko upande gani. Uliza kwanza kwenye afisi ya mipango iliyo karibu nawe, maana swali halilipiwi.

Afisa ataangalia umbali kati ya sehemu mpya na mpaka wa jirani, njia ya maji ya mvua, nyaya za umeme na tangi la maji taka. Wenye ploti za ufuoni wahakikishe mpaka wao kwa mpima ardhi kabla ya kutoa hata senti kwa fundi. Baraza iliyoingia kwenye eneo la ufuo ni ya kubomolewa, haijalishi ni imara kiasi gani. Kama unapanga nyumba, kibali cha mwenye nyumba kiwe kwa maandishi.

Fundi naye aulizwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wanakandarasi na pia mafundi stadi mmoja mmoja. Mwombe cheti chake uone jina na muda wake. Andikianeni kazi itakavyokuwa: idadi ya nguzo, kina cha misingi, aina ya mbao, aina ya bolti. Usilipe zote mwanzoni. Acha sehemu ya mwisho hadi uingie chini ya baraza tena na tochi yako, ukahesabu bolti dhidi ya karatasi.

Unapokwenda afisi ya mipango, beba nakala ya hatimiliki au mkataba wa kukodisha ardhi, kitambulisho, michoro iliyoidhinishwa ya nyumba kama unayo, na mchoro wa mkono wa unachotaka kuongeza ukiwa na vipimo. Beba pia picha kwenye simu. Ziwe ni za chini ya baraza, miguu ya nguzo na ubao wa ukutani, maana picha za juu peke yake hazitamsaidia afisa kukushauri.